Kilele cha salfeti kimenenepa na kuota bega: ni mashine au ni maji yenyewe?

Binti_Sabaki (Malindi)

Salaam aleikum wakuu.

Mimi ni mtu wa maabara kwenye shamba moja la chumvi huku Gongoni, ukishapita Mambrui. Kwa asiyewahi kufika: ni mabwawa mapana ya maji ya bahari, moja likimwagia jingine, na kazi kubwa inafanywa na jua na upepo. Maji yanaingia yakiwa kama 3.5 kwenye haidromita ya Baumé (kipimo cha uzito wa maji; chumvi ikizidi, namba inapanda). Yakifika 13 hivi jasi inaanza kutua chini. Yakifika 25 au 26 chumvi yenyewe inaganda. Karibu na 30 tunayafungulia maji machungu yaliyobaki yaende zake, kwa sababu magnesi imeshakuwa nyingi na tukiyaacha yanatuharibia chumvi: inakuwa na uchungu na haikauki, inalia maji hata ndani ya gunia.

Ninachopimishwa kila mara ni salfeti. Njia yetu ni ile ya zamani ya bariamu kloridi: chemsha, mimina, subiri chembe zikue, chuja, choma kwenye tanuri, pima uzito. Ni njia nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini umeme ukikatika tanuri likiwa katikati ya kazi, siku imekwisha.

Rafiki yangu ana mashine ya Raman (inamulika sampuli kwa leza na kusoma mwanga unaotawanyika) kwenye maabara ya chuo kimoja, leza ya kijani ya 532 nm. Nikampa chupa nne: maji ya kuingilia, maji ya bwawa la jasi, maji yanayokaribia kuganda, na yale machungu ya mwisho. Amenirudishia faili, nazitazama kwenye laptop hapa nyumbani, na kuna mambo matatu yananisumbua.

La kwanza. Kilele cha salfeti kwenye maji ya kuingilia kiko 981 cm⁻¹ (namba hii inapanda kadiri molekuli inavyotetema haraka), chembamba, kizuri. Kwenye maji machungu kimesogea kidogo juu, kimenenepa, na upande wa kulia kimeota bega kati ya 990 na 1000.

La pili. Nilitaka kutumia ukanda wa maji (ule mkubwa wa 3000 hadi 3700) kama kipimo cha kulinganishia, kwa sababu maji yapo kwenye kila chupa. Lakini umbo lake halitulii. Upande wa 3200 unashuka na upande wa 3400 unapanda kadiri chumvi inavyozidi. Niliambiwa chumvi ya kawaida haionekani kwenye Raman. Sasa anayeusukuma huo ukanda ni nani?

La tatu. Chupa mbili za mwisho zina vilele viwili vikali, 1155 na 1510 hivi, ambavyo siwezi kuvihusisha na kitu chochote cha baharini ninachokijua.

Rafiki yangu anasema mashine ilipimwa kabla ya kazi na iko sawa. Nisaidieni.

---

Mvuvi_wa_Ngomeni

Dada, kwani bariamu imekukosea nini? Nunueni jenereta, mambo yaishe.

---

Binti_Sabaki

Kaka, jenereta ipo. Inaendesha pampu za maji. Ukiweza kumshawishi msimamizi azime pampu wakati wa bamvua ili mimi nichome karatasi ya chujio, nitakuletea gunia la chumvi mpaka mlangoni.

---

Mwalimu_Langoni (Lamu)

Waaleikum salaam dada. Mashine yako haina ubaya. Hayo mawili ya mwanzo ni ioni (chembe zenye chaji za chumvi iliyoyeyuka) na maji vikivutana, na spektra, yaani mchoro wako wa vilele, inakuonyesha vile vilivyo. La tatu nina dhana, lakini kuna watu humu wanaojua viumbe kunishinda, niwaachie.

Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea.

Molekuli ya maji ikiwa peke yake kwenye mvuke ina mitetemo miwili ya kunyoosha O–H, 3657 na 3756. Ikiwa ndani ya kimiminika, haidrojeni yake inavutwa na oksijeni ya jirani. Ile bondi ya O–H inalegea kidogo, na bondi iliyolegea inatetema polepole zaidi, kwa hiyo namba inashuka. Kwenye barafu, ambako kila molekuli imeshikwa vizuri na majirani wanne, kilele kikuu kinashuka mpaka karibu 3140. Maji ya kawaida yako katikati: kuna molekuli zilizoshikwa sana, zilizoshikwa kidogo, zilizopinda, na zote zinabadilishana nafasi kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kufikiria. Ndiyo maana huoni kilele, unaona mlima.

Sasa chumvi. Aliyekuambia hakukosea: sodiamu na kloridi ni atomi moja moja, hazina bondi ndani yake ya kutetema, kwa hiyo zenyewe hazina kilele. Lakini zinaingia kati ya molekuli za maji. O–H iliyoelekea kwenye kloridi inavutwa kwa nguvu ndogo kuliko ile iliyoelekea kwenye oksijeni ya jirani, basi inabaki juu, upande wa 3400 na zaidi. Unapozidisha kloridi unahamisha O–H nyingi kutoka upande wa 3200 kwenda upande wa 3400. Huyo ndiye anayeusukuma ukanda wako.

Magnesi inafanya kinyume. Ina chaji mbili kwenye umbo dogo, inashika molekuli sita za maji kwa nguvu, na maji hayo yaliyoshikwa yanavuta majirani zao kwa nguvu zaidi. Hilo linarudisha kiasi upande wa chini. Kwenye maji yako machungu sehemu kubwa ya sodiamu imeshaganda na kuondoka, magnesi imebaki na kloridi bado ni nyingi, kwa hiyo ukanda unavutwa huku na huku. Ukitazama vizuri spektra ya chupa ya mwisho karibu na 360 cm⁻¹ unaweza kuona kilima kidogo. Hiyo ni magnesi na maji yake sita wakitetema pamoja.

Na joto nalo linafanya jambo linalofanana na kloridi: maji yakipashwa, upande wa 3200 unashuka. Kama chupa moja ilitoka juani na nyingine ilikaa kwenye kiyoyozi, umechanganya mambo mawili kwenye mchoro mmoja.

Kuhusu kutumia ukanda huo kama kipimo: usiutumie. Tatizo si umbo peke yake. Kloridi inaongeza pia nguvu ya mtawanyiko wa kila O–H iliyo jirani nayo. Kwa hiyo hata eneo lote chini ya ukanda halikupi idadi ya molekuli za maji kwa uaminifu, na litakudanganya zaidi palepale chumvi inapokuwa nyingi, ambapo ndipo unapohitaji jibu.

Salfeti nitaiandika nikitoka msikitini.

---

Mwalimu_Langoni (Lamu)

Tuendelee. Salfeti ina oksijeni nne zimeizunguka salfa. Kilele cha 981 ni oksijeni zote nne zikipumua pamoja, nje na ndani. Mtetemo huo una ulinganifu kamili, ndiyo maana unatawanya mwanga kwa nguvu na kilele ni chembamba.

Bega lako la 993 au hapo jirani ni salfeti iliyoguswa na magnesi moja kwa moja. Kwenye maji mepesi ioni hizi mbili zinazungukana zikiwa na molekuli za maji katikati yao, na salfeti ya namna hiyo inabaki 981 kana kwamba iko peke yake. Mara moja moja maji ya katikati yanatoka, oksijeni ya salfeti inagusana na magnesi, na mtetemo ule wa kupumua unapanda hadi 993. Kwenye maji ya bahari ya kawaida, yenye kama gramu 1.3 za magnesi na gramu 2.7 za salfeti kwa kilo, jozi zilizogusana ni chache mno kutoa bega la kuonekana kwa jicho. Kwenye maji yako machungu kila kitu kimesongamana na maji ya kuzigawa ioni hizo yamepungua. Bega ni lazima lije.

Kupanuka nako kuna maana yake. Fikiria wapiga matari kwenye maulidi: wanaanza pamoja, lakini kila mmoja anasukumwa na aliye ubavuni mwake, na baada ya muda mapigo hayalingani tena. Molekuli zinazotetema nazo zinapoteza mpigo wao wa pamoja kwa kusukumwa na majirani, na kadiri zinavyoupoteza haraka ndivyo kilele kinavyopanuka. Kuna hesabu rahisi: gawanya 10.6 kwa upana wa kilele (upana wa katikati ya urefu wake, kwa cm⁻¹), jibu ni muda huo kwa pikosekunde. Kilele chenye upana wa 10.6 kinapoteza mpigo ndani ya pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Hesabu hii ni ya kilele kimoja kisafi, usiitumie kwenye kile chenye bega mpaka uwe umekitenganisha.

Kwa kazi yako hii ina maana moja kubwa: usipime urefu wa kilele. Pima eneo, na eneo liwe la vyote viwili, 981 na bega lake. Ukipima urefu, maji machungu yataonekana kuwa na salfeti pungufu kuliko yaliyonayo, na utamwambia msimamizi jambo lisilokuwepo.

---

Jasi_na_Magadi

Nadakia la tatu kabla mwalimu hajarudi. Dada, maji ya zile chupa mbili za mwisho yalikuwa na rangi gani?

---

Binti_Sabaki

Ya waridi. Mabwawa ya mwisho yote ni ya waridi kiangazi, watalii wanapiga picha.

---

Jasi_na_Magadi

Basi umeshajijibu. Waridi hiyo ni viumbe vidogo vinavyopenda chumvi kali, pamoja na mwani wa *Dunaliella*, na vyote vimejaa karotenoidi, yaani rangi za jamii ya ile ya karoti. Vilele vya 1155 na 1510 ni karotenoidi wenyewe: kimoja ni bondi za kaboni moja moja, kingine ni zile maradufu. Leza ya kijani inaangukia palepale rangi hizo zinapofyonza mwanga, kwa hiyo zinatawanya kwa nguvu mara nyingi zaidi ya kawaida. Kiasi kidogo mno cha rangi kinaonekana kama mlima.

Lakini ninachotaka uangalie ni hiki: karotenoidi wana kilele cha tatu karibu na 1005. Ni kidogo kuliko hivyo viwili, lakini kiko mlango wa pili kutoka kwenye bega lako la 993. Kwa hiyo usilipe jina hilo bega kabla hujachuja maji. Chujio la mikroni 0.22 linatosha kuziondoa seli.

Na tafadhali usiyahifadhi maji machungu kwenye friji. Yakipoa chumvi za salfeti zinaweza kuganda chini, nawe utapima maji ambayo salfeti yake imebaki kwenye kitako cha chupa.

---

Mvuvi_wa_Ngomeni

Kwa hiyo mashine haikosei, ni wadudu. Haya.

Swali la mtu asiyesoma kemia: kuna wakati niliambiwa na fundi wa kile chombo cha kutafutia samaki kwamba maji ya bahari "yanakula" sauti na ndiyo maana chombo changu hakioni mbali. Ni hiyo magnesi yenu?

---

Mwalimu_Langoni (Lamu)

Ndiyo hiyohiyo, bwana. Ile hatua ya magnesi na salfeti kugusana na kuachana inasumbuliwa na wimbi la sauti. Kila wimbi likipita linazisogeza jozi kidogo, nazo zinachelewa kurudi, na nishati ya sauti inageuka joto. Kwa sauti za makumi ya kilohezi hadi mamia, ambako vyombo vya samaki vinafanyia kazi, magnesi salfeti ndiyo mlaji mkubwa wa sauti baharini. Kwa hiyo bega la dada na upofu wa chombo chako ni watoto wa baba mmoja.

Turudi kwenye bega. Kuna njia ya kulihakikisha mbali na kuchuja. Muombe rafiki yako aweke kipande cha polaroidi (kioo kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) mbele ya kigunduzi na apime mara mbili: mwanga uliotawanyika ukiwa sambamba na leza, kisha ukiwa umekatiza. Mtetemo wa salfeti una ulinganifu kamili, kwa hiyo kwenye kipimo cha kukatiza 981 inakaribia kupotea kabisa, na bega la 993 linafifia nayo. Karotenoidi wanapotawanya kwa namna aliyoeleza Jasi wanabaki na theluthi hivi ya nguvu yao hata kwenye kukatiza. Kama kuna kitu kinasimama imara karibu na 1005 wakati 981 imezimika, hicho si salfeti.

---

Binti_Sabaki

Samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa tunavuna chumvi na wakati huo maabara yote inahamia juani.

Nimerudi na habari. Nilichuja maji ya waridi. Chujio lilitoka jekundu kama limelowa sharubati, na maji yaliyopita yakawa meupe. Rafiki yangu amepima tena, chupa zote zikiwa 25 °C. Vilele vya 1155 na 1510 vimekwisha. Bega limepungua kidogo upande wa juu, lakini lipo, na kwa kukatiza polaroidi linazimika pamoja na 981. Halafu, kwa ukaidi wangu, nikamwomba apashe chupa ya mwisho hadi 50 °C. Bega limekua! Mwalimu, nilitegemea joto liwatawanye, siyo liwaunganishe.

Na swali la kazi: kama ukanda wa maji siwezi kuutegemea, nilinganishe na nini? Rafiki yangu alipendekeza tutumie leza ya 785 nm ili karotenoidi tusiwaone kabisa hata bila kuchuja.

---

Mwalimu_Langoni (Lamu)

Matokeo safi sana hayo, mwanangu.

Kuhusu joto: kila mtu anategemea hivyo, lakini kumbuka nani alikuwa anawazuia wasigusane. Ni maji yaliyoishika magnesi. Ukipasha, maji yanalegea mshiko wake na uwezo wake wa kuzipunguza nguvu chaji unashuka. Magnesi na salfeti zinapata nafasi ya kukaribiana, na zile molekuli za maji zilizofungwa zinapata uhuru. Kwa jozi hizi joto linaunganisha. Ndiyo sababu nyingine ya kupima chupa zote kwenye joto moja na kuliandika daftarini.

Leza ya 785 itakupunguzia sana karotenoidi, ingawa huenda isiwafute kabisa, pamoja na mng'ao wa uchafu mwingine. Hesabu lakini: mtawanyiko wa 3400 cm⁻¹ kutoka 785 unaangukia karibu na 1070 nm, na kigunduzi cha silikoni hapo ni kipofu au karibu na kipofu. Kwa 532 unaangukia karibu na 650 nm, mahali pazuri. Kwa hiyo ukihamia 785, ukanda wa maji unaupoteza hata kama ungetaka kuutumia. Salfeti haina shida, iko karibu na leza.

Kipimo cha kulinganishia: weka nitreti. Pima uzito wa sodiamu nitreti kavu, uyeyushe kiasi kilekile kwenye kila chupa, uchanganye vizuri. Kilele chake kiko 1048, karibu na salfeti lakini hakigusani nayo, na bahari yako haina nitreti ya kutosha kukuvuruga. Halafu gawanya eneo la 981 pamoja na bega kwa eneo la 1048.

Tengeneza pia maji ya mfano mwenyewe: sodiamu kloridi na magnesi kloridi kwa kiasi kinachokaribia maji yako, kisha ongeza salfeti unayoijua, ngazi kwa ngazi. Usitengeneze mstari wako wa vipimo kwa maji safi na salfeti tupu. Nitreti nayo ni ioni, majirani wanaisukuma kama wanavyosukuma salfeti. Ukiiweka kwenye mazingira yaleyale ya sampuli, misukumo hiyo inajifuta yenyewe kwenye kugawanya.

Na usiitupe bariamu. Sampuli chache kila mwezi zipite njia zote mbili, mpaka namba zikubaliane na moyo wako utulie.

---

Jasi_na_Magadi

Naongezea faraja: watu wanadhani Raman inahitaji vitu vikavu na safi. Raman mwenyewe na mwenzake Krishnan, wanasayansi wa India, walianza na vimiminika hivihivi mwaka 1928 kule Kolkata, kama sitini, wakitumia jua lililokusanywa kwa darubini na vioo vya rangi. Jua la Gongoni lingewafaa.

---

Binti_Sabaki

Nitreti ipo kabatini. Magnesi kloridi nitaagiza Mombasa.

La mwisho kabla sijawachosha: rafiki yangu anatumia vikyuveti (vichupa vya kuwekea sampuli kwenye mashine) vya plastiki vya kutupa, kwa sababu cha kwatsi kipo kimoja na wanafunzi wanakigombania. Vinafaa?

---

Mwalimu_Langoni (Lamu)

Vingi vya kutupa ni polistirini, na polistirini ina kilele kikali sana cha 1001. Kigombanie cha kwatsi.

---

Binti_Sabaki

Zile chupa za mwanzo zilipimwa kwenye plastiki. Za waridi pia. Nazirudia zote nne kuanzia maji ya kuingilia.